Niliposimama kilomita ya 34

Nimerudi juzi usiku na sauti yangu bado haijarudi. Nikizungumza inakwaruza kama kijiko kwenye sufuria, na kiganja cha kulia kina lengelenge pale ulipokaa mpini wa boksi la barafu. Kazini wameniuliza kama na mimi nilikimbia. Hapana. Goti langu limegoma tangu mwezi wa tatu na daktari amenikataza mbio hadi mwaka uishe, kwa hiyo safari hii nilikwenda kushangilia tu. Waliokimbia marathoni ni wenzangu watatu, kilomita 42.195 kwenye joto la pwani. Mimi nilikuwa na boksi, filimbi, mabango matatu na sehemu nne za kuwasubiri.

Kushangilia nimeshangilia mara nyingi. Nilidhani ni kazi ninayoijua.

Wenzangu hawa ni wa kundi letu la alfajiri, tumekimbia pamoja miaka sita sasa. Mwalimu ndiye mwenye kasi kutuzidi sote. Anafundisha historia na alikwenda akitafuta saa 3 na dakika 45. Nesi hana papara, akisema atakimbia saa nne na nusu huwa anakimbia saa nne na nusu. Wa tatu tunamwita mdogo wetu kwa sababu ndiye wa mwisho kujiunga na mdogo kwa umri. Hii ilikuwa marathoni yake ya kwanza, na kwa wiki nzima kabla ya safari alikuwa ananitumia ujumbe saa nane za usiku kuniuliza kuhusu soksi.

Tuliondoka Ijumaa kwa basi. Mwalimu alikaa kiti cha mbele yetu, akageuka kutuangalia, na safari nzima akatusimulia habari za marathoni na joto. Olimpiki ya mwaka 1904 kule St. Louis: walianza 32, wakamaliza 14, barabara za vumbi na maji sehemu chache mno. Doha mwaka 2019, mashindano ya dunia, wanawake walianzishwa karibu saa sita za usiku ili kulikwepa jua, na hata hivyo nyuzi zilikuwa zaidi ya 30 na hewa nzito kwa unyevu. Walianza 68, wakamaliza 40. Ruth Chepngetich akashinda kwa saa 2:32:43, muda ambao mkimbiaji wa kiwango chake siku ya baridi angeuona wa mazoezi. Miaka miwili baadaye, marathoni ya Olimpiki ya Tokyo, iliyokuwa imehamishiwa Sapporo, kaskazini, kukimbia joto, ikafanyika, na joto likawafuata huko huko. Usiku wa kuamkia mbio za wanawake waandaaji wakaamua kuanza saa moja kabla ya muda uliopangwa. Peres Jepchirchir akachukua dhahabu.

"Sasa hao ndio mabingwa," Nesi akamwambia. "Wewe Mwalimu una mpango gani?"

"Mpango ni ule ule. Tatu arobaini na tano."

Nesi hakumjibu. Alitazama dirishani muda mrefu.

Jumamosi asubuhi walikwenda kuchukua namba zao, na mimi nikakodi baiskeli nikaipita njia ya mbio. Nashauri kila anayekwenda kushangilia afanye hivyo, asitegemee ramani ya kwenye simu. Ramani haikuonyeshi miti. Kilomita za mwanzo zilikuwa nzuri, zinapita kando ya maji, upepo upo. Kilomita ya 24 kulikuwa na mzunguko wa barabara na umati wa kutosha. Lakini kuanzia ya 31 njia inaingia kwenye barabara pana iliyojengwa juzijuzi, lami nyeusi mpya, haina mti hata mmoja, na ukuta mrefu mweupe upande wa kulia unaorudisha jua usoni. Niliposhuka kwenye baiskeli nilihisi joto likinipanda kutoka chini, kwenye vifundo vya miguu. Nikaweka alama kilomita ya 34. Nilijiambia hapa hatakuja mtu kushangilia, kwa hiyo hapa ndipo pangu. Mita 150 mbele palikuwa panajengwa hema la huduma ya kwanza, na nikalikariri hilo bila kujua litakuja kunifaa vipi.

Jioni Nesi alituketisha sakafuni chumbani, feni ikizunguka. Ninamshukuru kwa kikao kile kuliko kitu kingine chochote katika safari hii. Alitueleza kwamba jasho linalodondoka chini halijapoza mwili. Linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi, na hewa ikiwa imeshiba unyevu jasho halina pa kwenda. Basi misuli inaendelea kutengeneza joto na mwili unashindwa kulitoa. Alimwonya mdogo wetu asinywe maji kila anapoyaona kwa hofu, kwa sababu maji yakizidi chumvi ya damu hushuka, na hilo nalo huua. Akatutajia utafiti wa Boston wa mwaka 2002: wakimbiaji 488 walipimwa damu mwisho wa mbio, na asilimia 13 kati yao chumvi ilikuwa imeshuka chini ya kiwango. Kunywa kwa kiu, alisema. Tembea kwenye kila kituo cha maji. Mwagia kichwa na shingo.

Halafu akanigeukia mimi.

"Dada, wewe kesho ndiye mwenye akili timamu. Hawa nikiwemo mimi hatutakuwa nazo. Mtu akishapata kiharusi cha joto, yaani joto la mwili likipanda kupita kiasi, kitu cha kwanza kuchanganyikiwa ni kichwa, na kichwa kilichochanganyikiwa hakijui kwamba kimechanganyikiwa. Atakwambia yuko sawa. Usimsikilize. Muulize maswali matatu: leo siku gani, uko kilomita ya ngapi, na fulani wako anaitwa nani. Akikosea, msimamishe. Usimpe muda wa kubishana."

Tukakubaliana kila mmoja swali lake la tatu. La Mwalimu lilikuwa jina la mkewe. Wakaapa wote watatu mbele yangu kwamba nikisema simama watasimama. Mwalimu aliapa huku anacheka, lakini aliapa.

Mbio zilianza saa 11 alfajiri, bado giza. Simu yangu ilionyesha nyuzi 26 na unyevu asilimia 88. Nilikuwa nimesimama tu na fulana imeshanigandia mgongoni.

Kilomita ya 12 sina mengi ya kusema. Wote walipita wakitabasamu. Mwalimu alipita saa 12 na dakika 2, yaani dakika mbili mbele ya hesabu zake, na nilipomwona anavyoruka nilifurahi, nikapuliza filimbi kama mwendawazimu. Leo naiona ile furaha yangu kwa jicho jingine. Dakika mbili za ziada kwenye hewa ile lilikuwa deni.

Kwenye mzunguko wa kilomita ya 24 jua lilikuwa limeshatoka. Hapo ndipo nilipoanza kutumia barafu. Nilikuwa nimenunua soksi ndefu jozi sita, nikajaza kila moja vipande vya barafu na kufunga fundo. Unaivisha shingoni kama skafu, inayeyuka taratibu kifuani na mgongoni kwa kama dakika kumi na tano. Kanuni za mbio zile ziliruhusu wakimbiaji wa kawaida kupokea vitu kutoka kwa watu wao, tulishazisoma mapema. Mwalimu alipita saa 1 na dakika 10. Nilimtupia soksi shingoni, akasema "ahsante, Dada," sauti ikiwa nzima. Uso ulikuwa mwekundu kidogo. Nesi alipita akitembea, kwa sababu kituo cha maji kilikuwa pale pale na alikuwa anafuata maneno yake mwenyewe. Mdogo wetu alisimama kabisa, akanikumbatia, akaniloanisha, akauliza kama yuko wa mwisho. Nikamwonyesha mamia ya watu nyuma yake. Hakuwa ameangalia nyuma hata mara moja.

Jamani, niseme neno kuhusu "bado kidogo". Umati pale kwenye mzunguko ulikuwa unapiga kelele hiyo kwa kila anayepita, bado kidogo, bado kidogo, na mbele yao kuna kilomita 18 na jua ndio kwanza linapanda. Najua wanasema kwa upendo. Lakini mimi nimewahi kukimbia na najua neno hilo linavyomvunja mtu anayejua hesabu. Mwambie kitu cha kweli anachoweza kukitumia. Mwambie maji yako mita 300, mkono wa kushoto. Mwambie kona inayofuata ina kivuli. Soma namba yake kifuani, mwite kwa namba hiyo, mwangalie machoni. Nilimwona mzee mmoja, mtu wa miaka sabini hivi, akiinua kichwa kwa sababu tu nilimwita "Mzee wangu, mia tisa na kumi na mbili, kuna upepo hapo mbele."

Nikapanda baiskeli kuelekea 34 nikiwa nimelifunga boksi nyuma kwa kamba ya mpira. Kwa hesabu zetu Mwalimu angepita saa 2 na dakika 1.

Saa 2 na dakika 1 ikapita. Ikapita na 10. Barabara ile nyeusi ilikuwa inameremeta kama ina maji, na watu walikuwa wanatokea mbali wakiwa wamekatika miguu kwa ule mtetemo wa hewa, kisha wanaunganika wanapokaribia. Kila fulana ya bluu nilidhani ni yake. Wengi walikuwa wanatembea. Kijana mmoja alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara amejifunika kichwa kwa fulana. Nikampa soksi na maji, akanyanyuka baada ya dakika chache, akashukuru, akaendelea. Barafu ya boksi ilikuwa imebaki nusu.

Alitokea saa 2 na dakika 22. Nilimjua kwa mabega kabla sijaiona sura. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, na miguu ilikuwa inatupwa pembeni badala ya mbele. Alikuwa anakimbia bado, kama ule ni mbio. Niliingia barabarani nikatembea kando yake.

"Mwalimu. Mwalimu, mimi hapa."

"Niko sawa."

"Leo siku gani?"

"Niko sawa, Dada. Niache."

"Uko kilomita ya ngapi?"

Akafikiri. Nilimwona anafikiri. "Tumeshapita baharini?"

Kando ya maji alipita saa mbili kabla.

"Mkeo anaitwa nani?"

Akanijibu haraka, kwa uhakika, bila kusita. Alinitajia jina la marehemu mama yake.

Nilimshika mkono. Ngozi yake ilikuwa ya moto, na jasho bado linatiririka. Wengi hudhani aliyezidiwa na joto lazima awe mkavu, lakini mkimbiaji anaweza kuwa anatota na bado ndani anaungua. Nikamwambia, "Simama." Akaukwapua mkono. Ni mtu mpole, sijawahi kumsikia akimkaripia hata mwanafunzi, lakini pale alinisukuma na kunifokea kwamba namharibia, kwamba amefanya mazoezi miezi minne, kwamba nina wivu kwa sababu ya goti langu. Neno hilo la mwisho liliniingia. Liliniingia kweli, na kwa nukta moja mkono wangu ulilegea.

Kisha nikaona macho yake hayaniangalii. Yalikuwa yanaangalia mahali fulani nyuma ya sikio langu. Nikamkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili, nikapuliza filimbi kuelekea hemani mpaka wakaja vijana wawili wanakimbia na machela.

Mita 150 ni mbali sana.

Hemani hawakupoteza muda na kumpeleka popote. Nesi alitwambia usiku ule, poza kwanza, safirisha baadaye, na ndivyo walivyofanya. Walipima joto lake la ndani: nyuzi 40 na nukta sita. Wakamvua raba, wakamwingiza mzimamzima kwenye beseni kubwa la plastiki lililojaa maji na barafu hadi kifuani, mmoja ameshika kichwa, mwingine anayakoroga maji ili yasitulie na kupata joto la mwili wake. Mimi niliambiwa nimshike mkono na niendelee kumsemesha. Nilimsemesha kuhusu St. Louis. Nilimsemesha kuhusu Chicago, mwaka 2007, mbio zilivyokatishwa katikati kwa sababu ya joto. Sikujua kitu kingine cha kumwambia mwalimu wa historia. Vipande vya barafu vilikuwa vinagonga ukingo wa beseni kwa sauti ndogo, kama vikombe, na meno yake yakaanza kugongana. Dakika kama kumi na mbili, kumi na tatu. Wakapima tena, wakasema imeshuka chini ya 39, wakamtoa, wakamfunika taulo.

Akaniangalia, safari hii machoni. "Dada. Niko wapi?"

"Hemani. Kilomita ya 34."

"Nimesimama?"

"Umesimama."

Akafumba macho. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Nikakumbuka kwamba nina watu wengine wawili barabarani.

Nesi alifika saa 2 na dakika 51, mwendo wake ule ule wa polepole, kofia imelowa. Nilikuwa nimepanga cha kumwambia. Nilikuwa nimeamua nitamwambia Mwalimu amepita. Kwa nini nimharibie, nilijiuliza, ana kilomita nane tu na kidogo. Lakini aliponiona tu akauliza, "Mwalimu kapita saa ngapi?" na aliniangalia kama anavyowaangalia wagonjwa, nikashindwa kumdanganya. Nikamwambia yuko hemani, ametoka kwenye barafu, anaongea, anajua jina lake.

Akatoka njiani akaingia hemani. Alimshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, akamuuliza yale maswali matatu, moja baada ya jingine. Safari hii la tatu alilipata. Nesi akazungumza na daktari kwa sauti ya chini, akainama akamwambia Mwalimu kitu sikioni ambacho sijaambiwa hadi leo, akanywa maji, akarudi barabarani. Zilikuwa dakika saba. Nilimvisha soksi ya barafu. Aliniambia, "Umefanya vizuri," akaondoka, na hapo ndipo miguu yangu ilipoanza kutetemeka.

Mdogo wetu alipita saa 3 na dakika 18. Alikuwa anatembea dakika moja, anakimbia mbili, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Nilimuuliza yale maswali. Alijua siku, alijua kilomita, alijua jina la bibi yake na akaniongezea kwamba bibi huyo amemuahidi kuku. Nikacheka, nikalia, nikampa soksi ya mwisho. Hakuuliza kuhusu Mwalimu na sikumwambia. Ile ilikuwa marathoni yake ya kwanza na alikuwa anaibeba kwa uangalifu kama mtu aliyebeba maziwa yaliyojaa hadi mdomoni.

Sikuwaona wakimaliza. Daktari alitaka Mwalimu apelekwe hospitali kuangaliwa figo na misuli, nami nikapanda naye gari la wagonjwa. Nesi alimaliza kwa saa 4 na dakika 59, mdogo wetu kwa saa 5 na dakika 26, na ninajua haya kwa sababu ya picha moja tu niliyotumiwa nikiwa kwenye benchi la hospitali: mdogo wetu amepiga magoti mita moja baada ya mstari, medali imemwangukia mgongoni, na Nesi amesimama juu yake anamtengenezea kivuli kwa kofia. Mabango yangu yote matatu yalibaki yamelala pembeni mwa barabara ile nyeusi. La mdogo wetu, ambalo nilikuwa nimelitunza kwa ajili ya mwisho, liliandikwa HUJACHELEWA.

Vipimo vya Mwalimu vilikuwa salama kiasi cha kuruhusiwa alasiri, na karatasi ya kurudia vipimo wiki hii. Jioni tuliketi wote wanne kwenye kile chumba chenye feni. Mdogo wetu alikuwa amevua medali na kuificha ndani ya begi, kwa adabu. Mwalimu akamwambia aitoe, aivae, asiivue hadi kesho. Kisha akaanza kuchomoa pini kwenye namba yake, moja moja, akiziweka kwenye kiganja.

"Nimeambiwa nilikufokea," akasema.

"Ulinifokea."

"Nilisema nini?"

Nilimwambia yote, hata lile la goti. Akainamisha kichwa, akaomba radhi, nikamwambia radhi ilikwishapita pale pale barabarani. Ameniruhusu kuyaandika haya, na amesoma kabla yenu.

"Na swali la tatu? Nilijibu nini?"

Nikamtajia jina alilonitajia.

Alikaa kimya, pini nne mkononi. Feni ilizunguka. Halafu akaniomba simu yangu, kwa kuwa yake ilikuwa imeisha chaji, ampigie mkewe.